Kadi ya Mama ilikuwa hai, dawa ndiyo iliyokwisha

Julai ya mwaka juzi Mama alikwenda msibani, kijiji kimoja cha kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma, huko wilaya ya Uvinza. Alisema anakwenda siku tatu. Sisi wa Kigoma tunazijua hizo siku tatu za mwezi wa saba: upepo wa kusini ukishaanza, maboti hayaondoki, na mgeni hukaa mpaka anajua majina ya mbuzi wa wenyeji wake. Lakini msiba ni msiba. Akapandia boti Ujiji na kitenge cha kujifunika, daftari la kliniki, na chupa moja ya insulini, dawa yake ya kisukari, aliyoivika soksi ya mjukuu.

Siku ya nne chupa ikaanguka kutoka dirishani hadi kwenye sakafu ya saruji. Soksi ilikuwa imefuliwa, imeanikwa nje. Akanipigia kutoka chini ya mwembe, maana ndiko mtandao unakopatikana. "Mwanangu, dawa imepasuka. Nimewahi kuchoma ya asubuhi tu."

Sikuogopa, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Si tuna bima? Mimi ni mwajiriwa, asilimia 6 ya mshahara inakwenda Bima ya Afya ya Taifa, 3 nakatwa mimi na 3 anatoa mwajiri, na Mama nimemwandikisha kwenye nafasi za wategemezi. Nikaenda na kadi yake pale tunapochukulia dawa kila mwezi. Dada wa dirishani akabonyeza kompyuta yake, akaniangalia. "Huyu bado siku kumi na sita, mfumo haukubali. Halafu mgonjwa mwenyewe yuko wapi?" Nikamweleza habari ya ziwa, upepo na sakafu. Alinionea huruma kweli, ila huruma haina mahali pa kujazwa kwenye ule mfumo.

Nilitoka nimekasirika. Leo sina hasira naye. Watu wamechukua sana dawa kwa kadi za wenzao, na kufuli likiwekwa humfungia mwizi na mwenye nyumba.

Kule kijijini nako walimpeleka zahanati. Kadi ikapokelewa vizuri, ni hai, haina tatizo. Insulini haikuwepo. Hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya: kadi unaweza kutembea nayo nchi nzima, lakini dawa zimepangwa kwa ngazi, kuna za zahanati, za kituo cha afya na za hospitali. Duka la dawa muhimu la kijijini nalo lina orodha yake. Litakusaidia kwa malaria au kuhara, lakini insulini utaitafuta famasi.

Kwa hiyo nikaenda famasi na pesa yangu. Mfamasia akataka cheti cha daktari, na ana haki. Daftari la kliniki liko kwa Mama, ng'ambo ya mawimbi. Kilichoniokoa ni picha niliyowahi kumpigia mdogo wangu wa Tabora, ukurasa wa daftari ukiwa na kidole changu kwenye kona. Insulini ya mchanganyiko, 30/70, uniti 20 asubuhi na 10 jioni. Bila picha hiyo ningesema nini? "Ile inayofanana na maziwa"? Nenda sasa hivi ukapige picha ya cheti cha mzazi wako, jina la dawa na kipimo visomeke, kisha urudi tuendelee.

Nahodha aliondoka alfajiri ya siku ya pili yake, upepo ulipolegea. Dawa niliiweka kwenye chupa ya chai, juu ya maji ya baridi yaliyofungwa kwenye mfuko. Barafu nilikataa, maana insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka hairudi. Ilipofika, Mama alikuwa anakunywa maji ndoo kwa ndoo, anatapika, na anahema kama aliyepanda mlima. Tabibu wa zahanati alikuwa ameshamtundikia dripu. Yule kijana nikikutana naye lazima nimnunulie samaki, mgebuka wa ziwani kwetu.

Tangu hapo nimekaa nikapiga hesabu. Chupa ya mililita 10 ina uniti 1,000. Mama anachoma 30 kwa siku, kwa hiyo inatosha siku 33. Lakini kliniki walituambia chupa ikishafunguliwa isizidi wiki nne. Maana yake bima inamlipia mwezi wake, basi. Ya kuvunjika, kuibwa au kukwama njiani haimo. Kwa hiyo chupa ya akiba nanunua mwenyewe, inakaa kwenye friji bila kuguswa. Ya mwezi mpya ikija, ya akiba ndiyo inayotumika, mpya inashika nafasi yake. Kwa asiye na friji, chungu ndani ya chungu kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kivulini, kinasaidia.

Safari ikijulikana mapema, nampeleka Mama kwa daktari kabla ya tarehe yake, namwomba aandike sababu, kisha napita ofisi ya bima ya mkoa. Mara mbili walikubali, mara moja tuligonga mwamba. Nenda tu.

Jirani yangu wa Kibirizi yeye alikuwa wa CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, alilipa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Mwaka 2021 ziwa lilipopanda likaingia mitaa ya kule, watu walitoka na magodoro na televisheni, vidonge vya kifafa vya mwanawe vikabaki juu ya kabati. Dawa ya kifafa haikatishwi ghafla. Siku hizi vidonge vya wiki moja vinakaa kwenye mfuko mmoja na vyeti vya kuzaliwa, msumarini karibu na mlango. Na tafadhali, kuazimana vidonge vya presha tuache, hata kama rangi zinafanana.

Juzi Mama amekwenda harusini Kasulu. Chupa moja kwenye mkoba wake, nyingine kwa mjukuu aliyekaa kiti cha nyuma, kila moja na soksi yake. Alinung'unika mpaka Mwandiga kwamba nimemgeuza famasi ya kutembea.