Muulize Fundi: Baiskeli ya kilomita 500 za changarawe

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimejiandikisha mbio za kilomita 500 za changarawe, usiku na mchana, kila mtu anajitegemea. Nina baiskeli ya milimani ya zamani lakini nzima. Nimeona nyingine ya kaboni, kilo nane tu, inayoingia matairi ya upana wa hadi milimita 38. Ninunue? Na niiandaeje?

JIBU: Marahaba. Usiinunue. Kilo mbili utakazopunguza kwenye fremu zitarudi pale pale ukijaza chupa mbili za lita moja moja. Cha kuuliza ni hiyo 38. Matope yakijaa kati ya tairi na uma, gurudumu halizunguki tena. Kwenye mbio za changarawe za Unbound Gravel za 2023, kule Kansas, Marekani, matope yaliwafanya wengi wabebe baiskeli mabegani. Tafuta fremu inayopokea 50, uiwekee 45, nafasi ibaki.

Au baki na hiyo ya milimani, kama inakuenea. Gia zake nyepesi utazishukuru magoti yakishachoka. Kasoro yake ni usukani ulionyooka, mikono haina pa kuhamia. Funga pembe fupi kwenye ncha zake.

Matairi yasiwe na tyubu, weka dawa ya kuziba. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la 45, anza na upepo wa psi 30 hivi, la nyuma lizidi kidogo, kisha punguza taratibu. Ukisikia rimu inagonga jiwe, umepitiliza. Tyubu ya akiba beba vilevile, na kipande cha tairi kuukuu cha kuzuia mpasuko kwa ndani.

Sasa siti, maana hapa ndipo watu wengi wanapoachia njiani. Kidole cha mwisho na cha pete vikianza kufa ganzi, mtu hukimbilia glavu nene. Mara nyingi kosa liko nyuma: pua ya siti imeinama, unateleza mbele, mwili wote unaegemea viganja, na mshipa wa fahamu unaopita hapo unabanwa. Simamisha baiskeli sakafu ya usawa, laza ubao juu ya siti, weka pimamaji juu ya ubao. Anza na usawa kamili. Ukitaka kurekebisha, geuza kidogo sana, kisha endesha saa kadhaa kabla ya kugusa tena. Kwa urefu, kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Mimi kwa safari ndefu hushusha milimita 2 au 3 zaidi, kwa sababu mtu aliyechoka huanza kuyumba kiunoni. Kuna mafundi watakaobisha, waache.

Mizigo mizito, yaani maji na vifaa, ikae katikati ya fremu. Begi la nyuma ya siti litie nguo tu, lisiyumbe. Taa za betri zinatosha kwa usiku mmoja. Dinamo ya kwenye kitovu cha gurudumu inaanza kuleta maana kuanzia usiku wa pili. Nunua pia kile kichuma kidogo kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Hupinda kirahisi, na fremu nyingi zina cha aina yake, kwa hiyo usitegemee kuazima cha mwenzio.