Maswali na majibu: Kuandaa mashindano ya hisabati ya shule za nchi jirani

Walimu kadhaa wa sekondari nchini Uganda wametuandikia wakitaka kualika timu kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Tumechagua maswali saba. Katika hesabu zote tumekadiria washindani 60, yaani timu kumi za watoto sita sita.

Mtihani wetu wa kawaida ni wa saa mbili na una maswali 20. Kwa nini olimpiadi iwe na maswali sita tu, tena kwa siku mbili? (Mwalimu, Mbale)

Huo ndio mpango wa Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, IMO, iliyoanza Romania mwaka 1959, na olimpiadi ya bara letu, PAMO, inaufuata. Kila siku maswali matatu kwa saa nne na nusu, kila swali alama 7, jumla 42. Swali la olimpiadi linadai uthibitisho. Mtoto anaweza kushika njia, akaifuata saa nzima, akagundua haifiki, akaanza upya. Ukimpa saa mbili umepima kasi ya mkono.

Upange ugumu hivi: swali la 1 na la 4 mepesi, la 2 na la 5 ya wastani, la 3 na la 6 magumu. Aljebra, jiometri, nadharia ya namba na kombinatoriki (hesabu ya njia za kupanga na kuchagua vitu) zote ziwepo. Waandaaji wapya huteleza kwa kuweka maswali sita magumu ili mashindano yaonekane mazito. Matokeo yake nusu ya ukumbi hupata sifuri, na mtoto aliyesafiri siku nzima kwa basi anarudi bila hata alama moja. Mpe swali la 1 mwalimu ambaye hajaona jibu lake. Likimchukua zaidi ya dakika 40, si swali la kwanza hilo.

Wageni wetu wa Kongo wanasoma kwa Kifaransa, sisi kwa Kiingereza. Je, mwalimu wa Kifaransa akitafsiri karatasi inatosha? (Arua)

Haitoshi, na hapa ndipo tungependa mtumie nguvu nyingi kuliko popote. Chukua swali fupi: *Tafuta namba kamili chanya n zote ambazo n² + 1 inagawanyika kwa n + 1 bila baki.* Jibu ni n = 1 pekee. Mfasiri asiyefundisha hisabati ataandika *positif* na kuona amemaliza. Kumbe katika hisabati ya Kifaransa neno hilo linaihesabu na sifuri. Ukitaka kuitoa, lazima uandike *strictement positif*. Mtoto wa Bunia, Kongo, ataijaribu sifuri: n² + 1 inakuwa 1, n + 1 nayo inakuwa 1, inagawanyika. Ataandika 0 na 1, na kwa swali alilopewa yuko sahihi kabisa. Ukimkata alama, umemtoza kosa la mfasiri.

Kiswahili nacho kina mtego wake. *Kigawo* na *kigawe* vinatofautiana kwa herufi moja tu, lakini 6 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 6. Herufi ikikosewa kwenye kuchapa, swali zima limegeuka.

Kwa hiyo atafsiri mtu anayefundisha hisabati kwa lugha hiyo. Kisha mwingine, ambaye hajaona karatasi ya awali, airudishe kwenye lugha ya kwanza. Viongozi wa timu wakae pamoja usiku wa kuamkia mtihani, wazisome nakala za lugha zote na kuziridhia kwa saini. Tangu wanapoona maswali, wasionane na watoto wao wala kuwapigia simu hadi karatasi ya pili iishe. Kwenye IMO viongozi hulala mahali tofauti na timu kwa sababu hiyo hiyo.

Nusu saa ya kwanza ya kila karatasi, mshindani aruhusiwe kuuliza kwa maandishi kuhusu maana ya swali, naye ajibiwe kwa maandishi. Ikibainika kwamba maneno yenyewe ya swali yana kasoro, tangazeni sahihisho katika vyumba vyote kwa wakati mmoja.

Mwaka jana tuligombana sana juu ya alama. Nani asahihishe? (Jinja)

Kila swali lipewe wasahihishaji wawili, na hao hao wasahihishe majibu yote 60 ya swali hilo. Maswali sita ni watu 12. Ukikadiria dakika sita kwa kila jibu, ni saa sita: kazi ya siku moja. Kiongozi wa timu aje mezani kutetea kazi za watoto wake, ila asitie alama yeye. Wasipokubaliana, jambo liende kwa msimamizi mkuu wa swali hilo, kisha kwa baraza la viongozi wote.

Ugomvi mwingi hutokana na mwongozo wa usahihishaji kuandikwa baada ya kuona majibu. Andikeni mapema. Kwa swali letu la juu unaweza kuwa hivi: kuandika n² + 1 = (n + 1)(n − 1) + 2, alama 4; kueleza kwamba basi n + 1 lazima igawe 2, alama 2; kuhitimisha n = 1 na kuhakiki, alama 1. Aliyejaribu namba 1 hadi 100 akaona ni 1 tu inayokubali, ana alama 1, hata kama ameandika kurasa tatu. Aliyepita njia nyingine na akathibitisha bila pengo, ana 7 kamili. Mwongozo useme hivyo waziwazi.

Medali ngapi? (Fort Portal)

Desturi ya IMO ni medali kwa nusu ya washindani au pungufu kidogo, dhahabu, fedha na shaba zikikaribia uwiano wa 1:2:3. Kwa watoto 60 ni 5, 10 na 15. Shida ni kufungana. Nafasi ya 29 hadi ya 33 zote zikiwa na alama 14, ama mnatoa medali 28 ama 33. Kuwagawa waliofungana hairuhusiwi. Amueni mkiwa na orodha ya alama tupu, bila majina wala nchi. Asiyepata medali lakini ametatua swali moja kwa alama 7 kamili, apewe cheti cha heshima.

Tuandae nini ukumbini? (Gulu)

Karatasi: mtoto mmoja kwa siku weka 25, upande mmoja tu uandikwe, kila swali lianze karatasi mpya. Kwa watoto 60 na siku mbili ni 3,000, yaani rimu sita, nunueni nane. Rula na bikari ruhusa. Kipimapembe, kikokotoo na simu marufuku. Anzeni saa tatu asubuhi, mmalize saa saba na nusu. Kama ukumbi ni wa mabati bila dari, epukeni miezi ya mvua, kwani ikinyesha hata tangazo la dakika za mwisho halisikiki. Msichape mtihani kwenye duka la fotokopi la mjini. Tumieni mashine ya shule, usiku, watu wawili wakiwepo, bahasha zifungwe hapo hapo.

Mwezi gani unafaa? (Masaka)

Agosti ndio mwezi unaokaribia zaidi kufaa wote: Kenya na Rwanda huwa likizo sehemu kubwa ya mwezi, na Uganda hufunga kuelekea mwisho wake. Tanzania huwa darasani, kwa hiyo shule zake ziandikiwe mapema zaidi ziombe ruhusa. Mabweni yakiwa matupu, gharama ya malazi inashuka sana.

Mwanafunzi aliyemaliza Senior 6, mwaka wa mwisho wa sekondari, anaweza kwenda IMO mwezi wa Julai unaofuata? (Mzazi, Kampala)

Awe hajatimiza miaka 20 siku ya karatasi ya pili, na awe hajaanza chuo kikuu. Soma tarehe zilizo kwenye kanuni za mwaka huo, na pasipoti ishughulikiwe tangu Januari, maana viza za timu huchelewa kwa sababu ya mtoto mmoja ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina jina lililoandikwa tofauti na la shuleni.