Jibu: Ngazi ipi ya serikali inambana zaidi msafirishaji wa mizigo?

Mleta uzi kauliza kati ya kanuni za kimataifa, sheria za nchi na sheria ndogo za miji, zipi zinamuumiza zaidi mwenye malori. Wengi wamejibu "za nchi" kwa sababu ya kodi ya mafuta na leseni. Mimi sikubaliani. Kodi unaijua mapema, unaiingiza kwenye nauli, basi. Faida huliwa pale ngazi mbili zinapougusa mzigo uleule na kila moja inapima kitu chake.

Tuanze na uzito. Tangu Julai 1, 2016, kanuni za SOLAS (mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini) zinakataza kontena kupakiwa melini bila uzito uliothibitishwa. Ama unalipima likiwa limejaa na kufungwa, ama unapima kila kilichomo, pamoja na paleti na mbao za kuzuia mzigo, kisha unajumlisha uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni. Ukishapata karatasi hiyo usidhani umemaliza. Meli inataka jumla ya kontena. Mzani wa barabarani unataka pia uzito wa kila kundi la ekseli, yaani mihimili ya magurudumu.

Chukua viwango vya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013. Semitrela (kichwa cha lori kinachovuta trela) ya ekseli 6 inaruhusiwa tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye ekseli mbili za kuvuta na 24 kwenye tatu za trela, jumla 50. Sasa lori linapanda mzani na tani 48, dereva ana amani. Mzani unasoma 7.9, 19.5 na 20.6. Jumla imebaki chini kwa tani 2, lakini ekseli za kuvuta zimezidi kwa tani 1.5, kwa kuwa wapakiaji walirundika mbele.

Dawa si kushusha mzigo, ni kuusogeza. Zidisha uzito unaousogeza kwa umbali wa kuurudisha nyuma, kisha gawanya kwa umbali kati ya kingipini (pini inayounganisha trela na kichwa) na katikati ya ekseli za trela. Tani 6 zikirudi nyuma mita 2.5, na umbali huo ukiwa mita 7.5, tani 2 zinahama kutoka kichwani kwenda kwenye trela. Sehemu kubwa inatoka kwenye ekseli za kuvuta, kidogo kwenye usukani. Tatizo ni kontena lenye lakiri ya forodha: huwezi kulifungua pale mzanini ukapange upya bila idhini. Kwa hiyo hesabu hii inafanyika kiwandani, kabla ya mlango kufungwa.

Serikali hazing'ang'anii ekseli kwa ukorofi. Majaribio ya AASHO (chama cha maofisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani) huko Illinois, 1958 hadi 1960, yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukizidisha asilimia 10, unaongeza uharibifu kwa karibu asilimia 46.

Kwa mzigo unaovuka nchi, pakia kwa kikomo cha chini kuliko vyote njiani. Barabara kuu za Marekani zina kikomo cha kawaida cha pauni 80,000, yaani tani 36.3 hivi. Safari za kati ya nchi za Umoja wa Ulaya kikomo ni tani 40 kwa semitrela ya kawaida, na 44 kwa baadhi ya gari zinazobeba makontena ya safari mseto (barabara pamoja na treni au meli). Kontena halali bandarini linakotoka linaweza kuwa kosa linakofika.

Ngazi ya mji ndiyo watu wanaidharau, na huko ndiko ratiba hufia. London, kwa mfano, inazuia malori ya zaidi ya tani 18 kwenye barabara nyingi usiku na wikendi, isipokuwa yenye kibali. Kizuizi cha namna hiyo kikikutana na sheria ya nchi ya saa za dereva, kuna kazi. Marekani dereva anaendesha saa 11 ndani ya dirisha la saa 14, na dirisha hilo kwa kawaida halisimami kwa sababu tu amekaa getini akisubiri. Akianza kazi saa 11 jioni, na mji ukaruhusu malori kuanzia saa 1 asubuhi, saa zake 14 zinaisha mji unapofunguliwa. Mzigo umefika, dereva yupo, ila hawezi kuendesha. Anzisha zamu baadaye au weka dereva wa pili, na kwenye mkataba andika nani analipa muda wa kusubiri.

Kwa wanaogawa mizigo mjini na lori fupi lisilo na trela: mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma huinyanyua ya mbele. Ukishusha huo kwanza, jumla inapungua lakini ekseli ya mbele inapata uzito, na iliyokuwa halali asubuhi inaweza kuzidi baada ya mteja wa kwanza. Piga hesabu ya kila kituo, si ya kuondokea tu.