Mita 20 za gramu 5.2: tumepata au tunapigwa?

Swali: "Niko Toronto, nina hisa kidogo za kampuni inayotafuta dhahabu kaskazini mwa Ontario. Juzi wametoa matokeo ya uchorongaji, wanasema mita 20 zenye gramu 5.2 kwa tani, ikiwemo mita 1 yenye gramu 92. Hisa imepaa. Niongeze?"

Jibu: Mkuu, kuongeza au kutoongeza hiyo ni hela yako, mimi ni mtu wa mawe tu. Ila chukua kalkuleta ya simu. Mita 20 mara 5.2 ni 104. Ile mita moja peke yake inakula 92, zinabaki 12 zigawane mita 19, yaani kama gramu 0.6 kwa tani hivi. Kwahiyo hapo huna mwamba mnene wa gramu 5, una mshipa wa mita moja na pembeni yake jiwe ambalo kwenye mgodi wa chini ya ardhi hakuna anayehangaika nalo (mgodi wa wazi labda, tena liwe jingi na liwe karibu na juu). Hawajadanganya, wastani wao uko sawa kabisa, ila hiyo mita 20 imewekwa juu pale ili wewe usome haraka ukanunue.

Halafu shuka chini ya jedwali kwenye yale maandishi madogo, angalia kama mita 20 ni unene halisi wa mshipa au ni urefu tu ndani ya shimo. Mashimo mengi yanachorongwa mshazari, likiukata mshipa kwa nyuzi 30 basi mita 20 zako ni mita 10 tu za unene. Kanuni ya huko Kanada, NI 43-101, inawadai waseme unene halisi kama unajulikana, pamoja na shimo liko wapi, limeelekea wapi, limeinama kiasi gani na maabara gani imepima. Wakiandika "bado haujajulikana" kwenye mashimo ya mwanzo naelewa, lakini kama wameshachoronga mashimo arobaini na bado haujulikani, mmh.

Hiyo 92 nayo isikutie wazimu. Dhahabu ikiwa ya chembe kubwa kubwa inakuwa kama bahati nasibu, kwa sababu maabara kwa kawaida inayeyusha gramu 30 au 50 tu za unga wa jiwe, punje moja ikiingia humo umepata 92, isipoingia unapata 3 kutoka mita ileile. Kampuni makini itakwambia imerudia kipimo kwa sampuli kubwa zaidi, na kwamba kwenye foleni ya maabara walichomeka sampuli tupu zisizo na dhahabu na zile ambazo jibu lake linajulikana tayari.

Na waulize nusu ya mwamba iko wapi. Ule mche wa jiwe unaotoka kwenye bomba unapasuliwa katikati, nusu maabara, nusu inabaki kwenye boksi ili mtu mwingine aje apime. Kampuni ya Kanada ya Bre-X, kule Busang, Indonesia, walikuwa wanasaga karibu mche wote, na watu wa Toronto hawakushtuka, hadi kampuni ya madini ya Freeport walipokuja 1997 wakachoronga pembeni ya mashimo yaleyale wakakuta karibu hakuna kitu. Sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu ya kuletwa. Hiyo NI 43-101 yenyewe ilianza 2001 kwa sababu ya balaa lile.

Mwisho soma namba za mashimo, kitu rahisi ambacho watu wanakiruka. Taarifa ikiwa na shimo la 14, 15, 18 na 21, basi la 16, 17, 19 na 20 yako wapi? Inawezekana maabara haijajibu, foleni huwa ndefu kweli, na inawezekana majibu yapo ila hayapendezi. Kwenye taarifa huwa kuna imeili ya mtu wa kuongea na wanahisa, muandikie umtajie namba moja moja, na ukipewa jibu la "tutatoa kwa wakati muafaka" subiri taarifa ijayo uone kama yamo.