Usiulize tu mtoto amepata ngapi

Mwalimu aliniambia mwanangu ni mvivu. Alikuwa na miaka 9. Hesabu za mdomo anakujibu hujamaliza swali, lakini mpe sentensi tatu anakili kutoka ubaoni, atarudi na moja na nusu, penseli nayo haijulikani iliko. Nilimchapa kwa hilo. Mpaka leo linaniuma.

Kabla ya kumpeleka mtoto kwa mwanasaikolojia kupimwa akili (IQ), anza na macho na masikio. Sisi tulilipia kipimo cha akili kwanza, mwanasaikolojia akataka majibu ya macho, tukarudi nyumbani mikono mitupu. Na ukiwa Kenya, kabla ya kliniki za binafsi ambazo bei zake zitakutoa jasho, ulizia EARC, kituo cha serikali cha tathmini kilicho karibu nawe. KISE, taasisi ya elimu maalumu pale Kasarani, Nairobi, nao wanapima.

Siku yenyewe alale vizuri, anywe chai, na usimwambie ni mtihani. Atapanga vibao vyekundu na vyeupe kufuata picha, atasomewa tarakimu azirudie kinyumenyume, atanakili alama huku saa inakwenda. Wangu alitoka akisema, "Ni michezo tu, mama, ila ile ya namba siitaki tena."

Lugha mnayoongea nyumbani itaje mapema. Vipimo vingi vimetungwa Marekani na Uingereza, na mtoto aliyekosa neno la Kiingereza hajakosa akili.

Utapewa pia fomu ya kujazwa na mwalimu. Ifuatilie, yetu ililala kwenye droo wiki mbili. Bila hiyo hakuna wa kukwambia kama ni ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kumakinika, kwa sababu dalili zake lazima zionekane zaidi ya mahali pamoja, si nyumbani tu, na ziwe zimeanza kabla ya miaka 12.

Sasa ripoti. Kwenye kipimo chetu 100 ndiyo wastani wa rika lake. Wangu alipata 98 kwa jumla, baba yake akashangilia: "Si nilikwambia hana kitu?" Nikamwomba mwanasaikolojia atufungulie sehemu moja moja. Kufikiri kwa maneno 114, kasi ya kazi ya jicho na mkono 78. Pengo hilo ndilo lililokuwa likiitwa uvivu, na jumla ilikuwa imelifunika.

Shuleni sikupeleka ripoti nzima, maana siri za mtoto hazina haja ya kuzunguka ofisi ya walimu. Nilitoa kopi ya ukurasa wa mapendekezo, nikaomba mawili tu: akae mbele, na apewe maswali kwenye karatasi badala ya kunakili ubaoni. Mwalimu alikubali la karatasi siku hiyohiyo. La kukaa mbele lilichukua muhula mzima.