Re: Mwalimu Mkristo kwenye darasa la mchanganyiko

Dada, umeuliza utaishije Ukristo wako kwenye shule ya msingi ya kanisa wakati nusu ya darasa ni Waislamu, bila wazazi kuhisi watoto wao wanavutwa. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inalinda uhuru wa dini, kwa hiyo kipindi cha dini kila mtoto akae na wenzake wa dini yake. Mwombeni mkuu wa shule awatafutie watoto wa Kiislamu ustadhi. Imani yako wataiona kwingine. Ramadhani, usimpange mtoto aliyefunga kuchota maji saa saba mchana. Asiye na sare mwite pembeni, usimsimamishe mstarini. Na ukimwadhibu mtoto kwa kumwonea, mwombe radhi mbele ya darasa lilelile. Hilo naliona zito kuliko yote, na walimu wengi hawalifanyi. Sala ya asubuhi iwe fupi. Asiyeomba asimame tu kimya.