Nimekuwa diwani vipindi viwili na watoto wadogo nyumbani, na kilichotubana hakikuwa vikao

Mdogo wangu nimesoma swali lako mara mbili. Umesema majirani wamekufuata wanataka ugombee udiwani, una watoto wawili mkubwa ana miaka 6, mumeo hajakataa ila amenyamaza, na unaogopa usije ukaingia mtu mwema ukatoka mtu mwingine. Ngoja nikujibu kwa urefu, maana swali hilo hilo niliwahi kuuliza mimi kabla sijachukua fomu na kila aliyenijibu aliniambia habari ya kupanga ratiba. Ratiba sio tatizo. Ratiba inapangika.

Vikao vya baraza vinajulikana, kalenda inatoka mapema, kamati zinakaa katikati, msimu wa bajeti ndo unaumiza zaidi kwa sababu makabrasha yanakuwa manene na ukiingia bila kusoma utapitisha vitu usivyovielewa halafu mwaka mzima unajibu maswali yake. Hayo yote unayaandika kwenye karatasi unabandika ukutani na nyumba nzima inajua leo mama hayupo mpaka usiku. Kisichoandikika ukutani ni mlango na simu. Mbunge walau ana umbali, anaenda mji mwingine kikazi akirudi amerudi. Diwani kazi yake iko pale pale anapolala. Aliyekupigia kura ndo anayeishi nyumba ya pili, mwanae anakaa dawati moja na wako, na taa ya barabarani ikizima haandiki barua, anakuja kugonga.

Nikwambie siku niliyojua nimepotea. Ilikuwa jioni, mwaka wa pili wa kipindi cha kwanza, nimechoka nimejilaza chumbani mlango uko wazi kidogo. Akaja mama mmoja mtu mzima, nilimjua kwa sauti, alikuwa anafuatilia bomba lililopasuka nyuma ya nyumba yake na ilikuwa wiki ya tatu. Mwanangu wa pili, wakati huo ana miaka 7, akaenda kufungua, na kabla yule mama hajamaliza hodi mtoto akamwambia shikamoo, mama katoka, hajasema atarudi saa ngapi. Hakuna aliyemtuma. Jioni ile sikuwa nimemwambia neno. Aliongea taratibu kwa adabu zote, kama mtu anayesoma kitu alichokariri. Na kandambili zangu ziko pale pale mlangoni. Yule mama aliziona, najua aliziona kwa sababu alinyamaza kidogo, halafu akasema sawa mwanangu, akirudi mwambie nilikuja.

Nililia mdogo wangu. Kampeni nzima nilisimama mbele za watu nikasema mimi ni mkweli, na kule barazani kweli sikuchukua hela ya mtu, kumbe nyumbani nimelea mtoto anayejua kudanganya kwa heshima, na mwalimu wake ni mimi, zile mara tatu nne nilizomwambia mwambie sipo. Watu wanaongea kana kwamba familia iko huku na misimamo yako iko kule na wewe kazi yako ni kugawa muda. Kwangu viliharibika siku moja, kwenye kizingiti kimoja, na nilipoanza kurekebisha ilibidi nirekebishe vyote pamoja.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa yule mama na mtoto nikamshika mkono, nikamwambia jana nilikuwepo, huyu alisema hivyo kwa sababu yangu, naomba utusamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, na bomba je? Hapo nikajifunza kwamba watu hawakutaki wewe saa 24, wanataka kujua shida yao imefika wapi, na mtu akijua imefika wapi hata kama haijaisha anaweza kukaa siku kadhaa bila kukugongea. Wengi wanaogonga usiku ni wale uliowaacha hewani.

Basi tukaweka daftari mlangoni na kalamu imefungwa kamba. Watoto wakaruhusiwa kusema jambo moja tu, lililo kweli: mama yupo anapumzika, andika shida yako hapa, anasikiliza watu Jumamosi asubuhi. Na Jumamosi nilikuwa nasikiliza watu nje ya nyumba yangu, nje kabisa, niliomba chumba kwenye jengo la umma nikakaa pale mpaka mtu wa mwisho. Dharura za moto, mafuriko au mtu kaumia tulikubaliana agonge muda wowote. Simu ya udiwani nikaitenga na simu yangu, ile ya udiwani inazimwa saa 2 usiku. Mwezi wa kwanza walinisema sana kwamba nimeshaota mapembe. Mwezi wa tatu daftari likawa limezoeleka na kusema kweli lilinisaidia kuliko kumbukumbu yangu, nilikuwa naenda nalo kwa watendaji nasoma tarehe, huyu ameandika tarehe fulani leo ni siku ya 19 mnasemaje.

Sasa kuhusu mumeo. Kunyamaza sio ruhusa, usikichukue kimya chake ukaenda nacho kuchukua fomu. Wangu naye alinyamaza, mi nikadhani amebariki, kumbe alikuwa hajui amekubali nini. Mtu hawezi kukubali kitu asichokiona. Mwelezee kwa mambo madogo madogo: nani atakuwa na watoto siku kikao kinapofika usiku, akisikia mkewe anatukanwa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa atajibu au atakaa kimya, hela ya kampeni inatoka wapi na mwisho wake ni kiasi gani. Hilo la hela mkubaliane kwa namba na msiipite hata kura zikiwa zinaonekana zinakimbia, maana mtu aliyeingia na deni anaingia ameshauzwa, hata kama aliyemkopesha ni rafiki mzuri.

Na kuna upande wa pili ambao wanawake tunauchelewa kuuona. Ukishapata kiti watu wataanza kupitia kwa mumeo. India mabadiliko ya katiba yaliyoanza kazi mwaka 1993 yalitenga theluthi ya viti vya mabaraza ya vijiji kwa wanawake, jambo kubwa sana, wanawake wengi mno wakaingia ambao vinginevyo wasingeingia, lakini sehemu nyingi kukazuka mtindo wa mume kuendesha ofisi mke anapiga saini tu, mpaka wakampa jina, sarpanch pati, yaani mume wa kiongozi wa kijiji. Kwangu haikufika huko ila ilianza. Mtu anamkuta baba watoto barabarani anamwambia mwambie mama hili, kesho lingine, keshokutwa baba watoto ananiambia nimeshamuahidi fulani. Tuligombana vibaya siku hiyo. Tukakubaliana jibu lake liwe moja, andika kwenye daftari, na akalishika, na nampa heshima yake kwa hilo kwa sababu sio rahisi mwanaume kujibu hivyo mbele ya wenzake wanaomcheka.

Umeuliza pia kuhusu rushwa. Mdogo wangu, yule wa bahasha ni rahisi kumkataa, humpendi, humjui, unamfukuza na unalala vizuri. Anayekushinda ni yule uliyekula naye. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni fundi na ana kampuni yake ndogo ya ujenzi, akaomba kazi ya kujenga mtaro. Kazi zake ni nzuri, sina ubishi. Suala likaja kwenye kamati yangu. Mi nikatangaza maslahi, nikasema huyu ni shemeji yangu sitachangia wala sitapiga kura, nikakaa pale pale kwenye kiti changu kimya nikijiona nimemaliza. Nikaja kugundua wenzangu wote wanaongea huku wananiangalia usoni. Kuna mmoja alianza kusema hii bei mbona iko juu, akanitupia jicho, akaacha sentensi katikati. Hajasukumwa na mtu, uso wangu tu umemnyamazisha.

Nilinyanyua mkono nikaomba kutoka. Nikakaa kwenye korido karibu nusu saa, nasikia sauti bila maneno, naona aibu kama mtoto aliyetolewa darasani. Kazi akapata mwingine. Shemeji hakuongea na sisi zaidi ya mwaka, mama mkwe akaniambia waziwazi kwamba watu wanaingiza ndugu zao wewe umemtoa wako. Sikuwa na jibu zuri la kumpa, nilimwambia tu mama, mtaro huo wanapita wajukuu zako. Sasa hivi shemeji anatusalimia, anakuja, ila ule utani wetu wa zamani haujarudi na sijui kama utarudi. Nakuambia hivi ili ukiwa unahesabu gharama uihesabu na hiyo.

Ile kamati ya Lord Nolan ya Uingereza iliyotoa misingi 7 ya watu wenye ofisi za umma mwaka 1995, msingi wake wa kwanza kabisa uliandikwa kwamba mwenye ofisi asifanye jambo ili ajinufaishe yeye, familia yake au marafiki zake. Wameitaja familia palepale mwanzoni, kabla ya uwazi, kabla ya uwajibikaji. Lakini ukienda kwenye sheria yenyewe, ile ya serikali za mitaa ya mwaka 2011 kwa upande wa England, maslahi ya kifedha yanayohesabika kuwa ni yako na ambayo ukiyaficha ni kosa la jinai ni ya kwako na ya mwenzi wako mnayeishi naye. Shemeji hayumo humo. Kwa hiyo kule mtu angeweza kukaa na sheria ile ikawa haina neno naye. Ndo maana nakwambia usisubiri kanuni za baraza zikwambie utoke, zitakuchelewesha. Ukijikuta unajiuliza kama utoke, toka, na utoke mlango ufungwe.

Kuhusu chama sitakuwa na mengi. Mtaitwa kwenye kikao cha ndani kabla ya baraza mtaambiwa msimamo ni huu, na mara nyingi utakuwa msimamo unaouweza. Siku hauwezi, sema mapema na sema mle ndani, usiwashtukize mbele ya watu, maana ukiwashtukiza hawatasikia hoja yako watasikia usaliti. Mimi ilinitokea mara moja, ilikuwa ni kuuza eneo la wazi ambalo watoto wanachezea, niliwaambia siku 3 kabla kwamba sitapiga kura ya ndio na sababu zangu hizi. Nilitolewa kwenye uenyekiti wa kamati. Lile eneo liliuzwa. Bado nikipita pale roho inauma, ila naweza kupita.

Umesema watu watakusema kwamba mama mwenye watoto wadogo anatafuta nini huko. Watasema. Kenya mwaka 2019 mbunge Zuleikha Hassan alitolewa nje ya bunge la taifa kwa sababu aliingia na mtoto wake wa miezi 5, mwaka mmoja tu baada ya Jacinda Ardern, waziri mkuu wa New Zealand wakati huo, kuonekana na mwanae kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na dunia ikapiga makofi. Sehemu nyingi vikao vilipangwa na watu ambao kuna mtu mwingine nyumbani analaza watoto. Mi nilipeleka hoja vikao vya kamati vianze mapema, ilishindwa mara ya kwanza, mara ya pili ikapita kwa kuungwa mkono na madiwani wanaume wawili wenye watoto wachanga ambao mwanzo walikuwa wanaona aibu kusema. Uliza wenzako, utashangaa ni wangapi wanateseka kimya.

Na huyo huyo Ardern Januari 2023 akatangaza anaachia uwaziri mkuu kwa sababu hana tena nguvu za kutosha kuifanya kazi ipasavyo. Mi niliacha baada ya vipindi viwili, waliniomba cha tatu. Mtoto wangu mkubwa alikuwa anaingia umri ambao ukimkosa unamkosa moja kwa moja. Sikushindwa na sikukimbia, niliona tu kwamba nimeanza kusoma makabrasha kwa kurukaruka, na diwani anayeruka kurasa anakula haki ya watu.

Kwa hiyo kama ni mimi, kabla ya fomu ningekaa na mume tukaandika mambo machache ambayo sitayafanya hata iweje, matatu tu yanatosha, karatasi akae nayo yeye. Yangu mimi yalikuwa la kukopa hela ya kampeni, la kupigia kura jambo la ndugu, na la kuahidi kazi. La ahadi nilishalivunja mara moja, kwa kijana mmoja, kwa sababu mama yake alikuwa analia mbele yangu. Kazi yenyewe haikupatikana. Mume wangu hakunifokea, alitoa tu ile karatasi kwenye droo akaiweka mezani.

Umesema mwisho wa fomu umekaribia. Usikukimbize. Kaeni wiki hii watoto wakishalala, anza na lile la nani anabaki na watoto usiku wa kikao na la simu kuzimwa saa 2, halafu rudi hapa uniambie baba watoto amesema nini.